Anayetoa dawa ya wasiwasi amuulize kwanza mgonjwa anatumia nini kingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo hapa Tabora limezoeleka mno hata hatari yake haionekani tena, yaani namna dawa za kutuliza wasiwasi, msongo wa mawazo na kukosa usingizi zinavyouzwa bila cheti cha daktari, zinavyopeanwa baina ya majirani, na zinavyochanganywa na mitishamba na dawa lishe bila mtu yeyote kumuuliza mgonjwa ni kitu gani kingine anachokitumia. Nimefanya kazi ya uuguzi katika vituo vya afya vya mkoa huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nimestaafu. Siandiki kwa niaba ya ofisi yoyote, wala siuzi dawa ya aina yoyote. Sina pia nia ya kuwabeza waganga wa tiba asili, kwa sababu nimekulia katika nyumba ya Kinyamwezi ambamo mzizi wa kuchemsha ulitangulia kidonge, na ninafahamu kuwa baadhi ya mizizi hiyo ina nguvu ya kweli. Nguvu hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Wasiwasi ninaouzungumzia ni ule unaopita hofu ya kawaida. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge aliyechukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, akaharibikiwa na sehemu ya shamba kwa mvua, huku malipo ya msimu uliopita hayajatimia, ana kila sababu ya kuwa na mawazo, na hakuna kidonge kitakachomlipia deni. Lakini yupo ambaye mawazo hayo humganda miezi kwa miezi, hata baada ya deni kulipwa. Usingizi humpaa, moyo humwenda mbio akiwa ameketi, kifua humbana, mikono humtetemeka, chakula hakipiti, na kila simu inayoita humshtua kana kwamba ni ya msiba. Huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika. Kwa bahati mbaya, mara nyingi safari yake ya matibabu huanza kwa kupimwa presha, kuambiwa kuwa presha iko sawa, na kurudishwa nyumbani kwa maneno kwamba hana ugonjwa. Kwa kuwa yeye mwenyewe anajua kuwa anaumwa, huanza kujitafutia.

Hapo ndipo mchanganyiko unapoanza. Dukani huomba dawa ya usingizi, na muuzaji, ambaye anafahamu fika kuwa diazepamu hutolewa kwa cheti, humfungia vidonge kadhaa katika kikaratasi kisicho na jina la dawa wala maelekezo. Kwa mganga hupewa unga wa mizizi wa kutia katika uji asubuhi na jioni. Ndugu yake aliyejiunga na biashara ya mtandao humletea kopo la dawa lishe kutoka ng'ambo, lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma, akimhakikishia kuwa halina madhara kwa kuwa limetokana na mimea. Jioni akipita kilabuni akanywa wanzuki, kitu cha nne kimeongezeka. Kila mmoja kati ya waliompa alimpa kwa nia njema au kwa kutafuta riziki, na hakuna hata mmoja aliyejua kuhusu wenzake. Sisimulii kisa cha mtu mmoja. Ni mfululizo ambao muuguzi yeyote aliyewahi kufanya kazi katika wilaya zetu ataukubali akiusoma.

Nianze na diazepamu, kwa sababu ndiyo inayozoeleka zaidi na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ni dawa ya manufaa makubwa mahali pake: humkomboa mtoto aliye katika degedege, humsaidia mgonjwa wa pepopunda, na humlinda mlevi anayeachishwa pombe asipatwe na kifafa. Ilitengenezwa katika kampuni ya Roche na mkemia Leo Sternbach, ikaingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na kwa miaka mingi ikawa miongoni mwa dawa zilizouzwa kwa wingi kuliko zote nchini Marekani. Ilichukua muda mrefu kwa nchi zilizoipenda kukubali gharama yake. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwashauri madaktari kwamba dawa za kundi hili zitumike kwa wasiwasi mkali tu, tena kwa wiki 2 hadi 4. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru onyo lake la juu kabisa liongezwe maelezo kuhusu uraibu na madhara ya kuacha ghafla. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa afya ya akili wa mwaka 2023, lilishauri kwamba wasiwasi wa kudumu na mishtuko ya hofu kwa watu wazima isitibiwe kwa dawa za kundi hili, isipokuwa katika dharura ya hofu kali, na hapo kwa siku 3 hadi 7 tu. Sisi huku bado tunaifunga katika kikaratasi.

Sababu ya tahadhari hizo zote ni namna dawa hiyo inavyofanya kazi. Diazepamu huongeza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza kasi ya mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Mtu hutulia haraka, mara nyingi ndani ya saa moja, na utulivu huo wa haraka ndio unaomfanya aitafute tena. Lakini ubongo huzoea. Baada ya wiki kadhaa dozi ileile haitoshi, na akiikosa, wasiwasi hurudi kwa ukali kuliko ulivyokuwa mwanzo, pamoja na kutetemeka, kutoka jasho na kukesha. Mgonjwa huamini kuwa ugonjwa wake umezidi, kumbe kinachomtesa ni ukosefu wa dawa aliyoizoea, naye hurudi dukani kwa mkupuo mkubwa zaidi. Aliyetumia kwa muda mrefu na kwa wingi akiacha siku moja anaweza kupata kifafa. Kwa hiyo nawasihi wasomaji ambao wanameza kidonge hiki kila usiku kwa miezi: msikiache ghafla kwa sababu ya barua hii. Nendeni kituo cha afya mkaseme ukweli, ili mpunguziwe kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Jambo jingine ambalo halisemwi dukani ni kwamba dawa hii haitoki mwilini pamoja na usingizi. Nusu ya dozi moja inaweza kuwa bado mwilini baada ya siku moja au mbili, na kiini kingine chenye nguvu kinachozalika mwilini kutokana nayo kinaweza kuchukua hadi saa 100 kupungua kwa nusu. Anayemeza kila usiku anajilimbikizia. Ndiyo maana bibi aliyepewa vidonge na mjukuu wake ili alale huamka usiku kwenda haja, akaanguka na kuvunjika nyonga. Ndiyo maana kijana wa bodaboda anayesema alilala vizuri anaweza kusinzia saa nne asubuhi akiwa na abiria. Mama mjamzito akitumia karibu na kujifungua, mtoto huweza kuzaliwa akiwa amelegea, hanyonyi vizuri na anapumua kwa shida. Na diazepamu ikikutana na pombe, au na tramadoli ambayo wengi wetu huimeza kwa maumivu ya mgongo baada ya kulima, vitu hivyo husaidiana kupunguza upumuaji, na mtu aliyelala kwa mchanganyiko huo anaweza asiamke.

Zipo dawa nyingine zinazotolewa hospitalini kwa tatizo hilihili, nazo zina masharti yake. Fluoksetini, ambayo ni ya kundi linalopendekezwa sasa kwa wasiwasi wa kudumu, haileti uraibu wa namna ya diazepamu, lakini huchukua wiki 2 hadi 6 kabla ya mgonjwa kuona nafuu, na katika siku za mwanzo inaweza hata kumzidishia wasiwasi. Mgonjwa ambaye hakuelezwa hayo huitupa baada ya siku chache akisema haimfai. Amitriptilini ni dawa ya zamani, ya tangu miaka ya 1960, na huleta usingizi, kinywa kukauka, kufunga choo na, kwa wazee wa kiume wenye tezi dume, kuziba mkojo. Ikizidi dozi huvuruga mapigo ya moyo na kuua, kwa hiyo isiachwe mahali ambapo mtoto anaifikia. Fluoksetini na amitriptilini zikitumiwa pamoja bila daktari kujua, ya kwanza hupandisha kiwango cha ya pili katika damu. Propranololi, ambayo hupunguza kwenda mbio kwa moyo na kutetemeka kwa mikono, haimfai mwenye pumu, na nimewahi kuona ikigawiwa kwa jirani kwa hoja tu kwamba "ni ya moyo".

Sasa niingie katika mitishamba, ambayo kwayo tunadanganyana zaidi kwa kuwa tunaipenda. Maneno kwamba dawa ya asili haina kemikali hayana ukweli wowote. Mfano ulio bora ni mmea wa Rauvolfia. Wahindi walitumia mizizi ya mmea huo kwa karne nyingi kuwatuliza watu waliochanganyikiwa, na mwaka 1952 wakemia wa Uswisi walipata kutoka humo dawa iliyoitwa reserpini, ambayo ilitumika hospitalini kwa wagonjwa wa akili na wa shinikizo la damu. Ilifanya kazi, lakini ilishusha presha, ilileta ulegevu, na maelekezo yake yakaonya kuwa inaweza kumtia mtu katika sonona. Mimea ya ukoo huohuo inaota Afrika, Tanzania ikiwamo, na mizizi ya baadhi yake ina reserpini ndani yake. Mganga anayejua kuwa mzizi fulani humtuliza mgonjwa anayehangaika hakosei. Anachokosa ni kipimo, kwa kuwa kiasi cha dawa katika mzizi hubadilika kwa umri wa mti, kwa udongo na kwa msimu, na kijiko kimoja cha leo huenda kikawa na nguvu maradufu ya kijiko cha mwezi uliopita. Mgonjwa huyo akiwa tayari anatumia dawa za presha kutoka hospitali, anaweza kuanguka anaposimama tu.

Upo upande wa pili pia, wa mimea ambayo haina madhara makubwa na pengine haina nguvu tunayoisifu. Mchaichai ni mfano. Watafiti wa Brazil, ambako nao huupenda kwa kutuliza mawazo, waliujaribu kwa watu mwaka 1986 na hawakuona unaleta usingizi wala kupunguza wasiwasi, ingawa hawakuona pia kuwa una sumu. Mimi huunywa, na sitamkataza mtu. Kikombe cha chai ya mchaichai jioni, badala ya chai ya majani au kahawa ambazo zinakesha na mtu, kinaweza kumfaa kwa sababu hiyo peke yake. Ninachokataa ni kuuziwa kwa bei ya dawa, ukiwa umesagwa na kutiwa katika chupa yenye ahadi ya kutibu kila kitu.

Dawa lishe za kutoka nje ndizo zinazohitaji macho zaidi, kwa sababu mnunuzi wala muuzaji hawazifahamu. Kuna mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, ambao kwenye makopo huandikwa St. John's Wort, na ambao tafiti zimeonyesha kuwa unasaidia sonona isiyo kali. Ushahidi wake kwa wasiwasi ni hafifu. Tatizo ni kwamba huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Watafiti wa Marekani waliupima mwaka 2000 pamoja na dawa moja ya VVU iitwayo indinaviri, wakakuta kiwango cha dawa hiyo katika damu kimepungua kwa asilimia 57. Indinaviri haitumiki tena sana, lakini mmea huo hupunguza pia dolutegraviri, ambayo imo katika kidonge kinachomezwa leo kila siku na watu wengi wanaotumia ARV hapa nchini. Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ya warfarini inayozuia damu kuganda. Ukitumiwa na fluoksetini, kemikali iitwayo serotonini inaweza kuzidi mwilini, na mgonjwa akapata homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Mtu mwenye VVU ambaye amelemewa na mawazo, naye akaletewa kopo hilo na ndugu anayempenda, anaweza kupoteza kinga aliyoijenga kwa miaka bila kujua ilikopotelea.

Hata madini yanayodhaniwa kuwa salama kabisa yana mambo yake. Magnesiamu huuzwa kama kitulizo cha msongo na kileta usingizi. Ikiingia tumboni pamoja na dolutegraviri hushikamana nayo, na dawa inayofika katika damu hupungua. Ndiyo maana maelekezo husema dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya dawa zenye magnesiamu, au saa 6 baada yake. Ni jambo linalorekebishika kwa kubadilisha saa ya kumeza, na halimgharimu mgonjwa hata shilingi, ila kwanza lazima mtu wa kliniki ajue kuwa magnesiamu ipo.

Kuhusu kava, kinywaji cha watu wa visiwa vya Pasifiki kama Fiji na Vanuatu, nitasema machache tu: katika majaribio ilionyesha kupunguza wasiwasi kidogo, lakini ilihusishwa na maradhi makali ya ini hata Ujerumani ikaizuia mwaka 2002. Ashwagandha, ambayo ni mmea unaoota pia katika nyika za Afrika Mashariki, ina tafiti ndogondogo zinazoonyesha nafuu ya muda mfupi ya msongo na usingizi, lakini imeripotiwa kuumiza ini kwa baadhi ya watu na inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ambaye moyo wake tayari unakwenda mbio, akipewa ashwagandha ili moyo utulie, atazidishiwa kilekile anachokikimbia. Tena, mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kupima makopo yanayoitwa ya asili na kukuta yametiwa kwa siri dawa za hospitali, zikiwamo za jamii ya dexamethasoni, ambayo yenyewe hukosesha usingizi na kuleta mahangaiko.

Nataka nitaje jambo moja la mkoa wetu ambalo linanigusa sana. Wakati wa kuvuna tumbaku, mtu anayechuma majani yenye umande bila kinga hufyonza nikotini kupitia ngozi. Hupata kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu, na mapigo ya moyo na presha hubadilikabadilika. Ugonjwa huu unafahamika katika nchi nyingi zinazolima tumbaku. Hapa kwetu mama aliyeshinda shambani akiwa na nguo zilizolowa, kisha usiku akalala moyo ukimdunda, huambiwa kuwa ana mawazo au amerogwa, naye hupewa kidonge cha usingizi au kafara. Anachohitaji ni kubadilisha nguo, kunawa kwa maji na sabuni, kupumzika, na kuvaa glavu na nguo zisizopenya maji siku inayofuata. Vivyo hivyo upungufu wa damu, tezi ya shingo, dawa ya pumu ya kuvuta, na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana hunywa kwa mfululizo, vyote huleta moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Kumpa mtu wa namna hii diazepamu ni kumnyamazisha wakati ugonjwa wake unaendelea.

Kwa nini basi wagonjwa hawasemi? Nimeliona hilo kwa macho yangu katika vituo nilivyofanyia kazi, na nitalisema bila kumtaja mtu. Mgonjwa akikiri kuwa ametumia mitishamba, mara nyingi hukaripiwa mbele ya wenzake. Ataulizwa kwa nini hakubaki hukohuko kwa mganga. Mara ya pili hatasema tena. Kwa upande wa pili, wapo waganga wanaomwambia mgonjwa kuwa dawa yao haipatani na za hospitali, na kwamba achague. Tuliokuwa kazini mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kilichosemwa kuwa kinaponya magonjwa sugu, tunakumbuka wagonjwa walioacha ARV na dawa za kisukari kwa kuamini kuwa wamepona, na tunakumbuka walivyorudi. Kati ya karipio la huku na sharti la kule, mgonjwa wa wasiwasi, ambaye kwa ugonjwa wake tayari anaogopa kuulizwa, huona ni afadhali anyamaze.

Ombi langu linatoka hapo. Kila anayempa mtu dawa ya kutuliza wasiwasi au kuleta usingizi, awe tabibu wa zahanati, mfamasia, muuzaji wa duka la dawa muhimu, mganga wa tiba asili au muuzaji wa dawa lishe, amuulize kwanza swali moja kwa sauti ya upole: unatumia nini kingine, cha hospitali, cha mizizi, cha kopo, na pombe? Jibu liandikwe katika daftari ambalo mgonjwa hulibeba kila anapokwenda kituoni. Wagonjwa wetu wanayo madaftari hayo tayari. Ndani yake huandikwa uzito, joto, presha na dawa za hospitali, lakini katika miaka yangu yote ni mara chache mno nimekuta humo mstari unaotaja mti. Asiyejua jina la mzizi alete kipande chake, na aliyepewa kopo alete kopo. Anayeulizwa asikaripiwe, kwa sababu karipio moja huwafunga midomo watu wa kijiji kizima.

Sitaki ionekane kuwa nawabebesha watu wa chini mzigo wote. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kusajili waganga, na tunayo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, ambayo ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974 na kuwa taasisi mwaka 1991. Kila halmashauri ina mratibu wa tiba asili na mratibu wa afya ya akili. Ningependa waratibu hao wawili wa kila wilaya ya Tabora wakae meza moja na waganga waliosajiliwa, wakusanye mizizi inayotumika zaidi kwa wasiwasi na usingizi katika misitu yetu ya miombo, na kuipeleka ipimwe. Mganga asilazimishwe kutoa siri yake bure. Haki yake ilindwe kwa maandishi kabla mzizi haujaondoka mkononi mwake, vinginevyo hatatoa, na atakuwa na sababu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Baraza la Famasi nao wafuatilie vidonge vya kutuliza vinavyouzwa bila cheti, na wawape wauzaji mafunzo pamoja na kuwakagua, kwa kuwa wengi wao ni mabinti vijana waliopewa funguo za duka na mwenye mali bila kuelezwa uzito wa wanachokiuza.

Wizara nayo ifikirie kwamba zahanati ikikosa fluoksetini na ikikosa mtu wa kuzungumza na mgonjwa, diazepamu ya dukani itaendelea kushinda. Mazungumzo nayo ni tiba. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwasaidia kupanga matatizo yao moja baada ya jingine, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache za wasiwasi na sonona kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vijiji vyetu, na tunao kina mama ambao watu huwaendea usiku na shida zao bila kuagizwa na mtu. Hawajapewa mafunzo tu.

Namalizia kwa ombi ambalo linaweza kutekelezwa bila kusubiri bajeti mpya. Waganga Wakuu wa wilaya waelekeze kwamba katika kila zahanati, mtu anayelalamikia kukosa usingizi, moyo kwenda mbio au mawazo mengi aandikiwe katika daftari lake mstari wa dawa za asili, dawa lishe na pombe kabla ya kupewa kidonge chochote, na vyama vya msingi vya tumbaku viruhusu wahudumu wa afya wazungumze na wakulima katika mikutano yao kabla ya masoko kufunguliwa, kwa kuwa huo ndio wakati ambao wasiwasi wa deni huwapeleka wengi dukani.

Muuguzi mstaafu,
Ng'ambo, Tabora.